Taulo Juu ya Fimbo

Kila neno la maana nililowahi kusema redioni kuhusu gofu nililipata kwa mtu mmoja, na mtu huyo sikumtaja hata siku moja. Hapa pia sitamtaja jina. Zamani nilimficha kwa tamaa ya sifa, leo namficha kwa aibu, na ukiniuliza afadhali ipi nitakwambia sijui. Kwenye uwanja wa gofu wa Jinja kila mtu alimwita Kedi Mkuu, kuanzia mabwana wanaoegesha magari mbele ya klabu hadi wakata nyasi, basi nami nitamwita hivyo hivyo. Kedi, kwa asiyejua, ni yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, akamwambia shimo liko umbali gani, upepo unatoka wapi, na wakati gani anyamaze. Yeye alikuwa mkubwa wa makedi wote. Cheo hicho hakupewa na mtu yeyote kwa barua, ila hakuna aliyewahi kukibishia.

Mimi ni mtangazaji wa michezo. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya, akaoa Bugembe, akabaki Bugembe, ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mezani, jambo ambalo Jinja si la kawaida. Kituo chetu kina nusu saa ya michezo kwa Kiswahili kila siku saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya madereva wa barabara kuu, Waislamu wa mjini, na yeyote ambaye lugha hii haimkumbushi wanajeshi. Kabla ya kila mashindano makubwa ya gofu mimi hutoa utangulizi: nani anakuja, uwanja uko vipi, nani atashinda. Utangulizi unaosubiriwa kuliko yote ni ule wa mashindano ya mwisho kabla ya mchujo wa kufunga msimu. Hapo wachezaji wa kulipwa hawana pa kujificha. Walio juu kwenye orodha ya msimu wanaingia mchujo, waliobaki wanafunga mifuko yao wanarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine.

Utangulizi wangu wa kwanza ulikuwa upuuzi mtupu. Niliusoma kwenye karatasi iliyoandikwa na mtu wa Kampala, nikapamba kidogo, nikasema kwa sauti nzito kwamba upepo wa mtoni utawasaidia wachezaji kwenye shimo la nane. Kesho yake nilikwenda uwanjani nikiwa nimevimba kichwa. Mzee mmoja mrefu, mgongo wima, shati la kaki lililopigwa pasi, akanisogelea taratibu.

"Bwana, jana ulisema upepo utawasaidia shimo la nane," akaniambia. "Upepo ule unawapiga usoni. Wewe ulisimama wapi?"

Sikuwa nimesimama popote. Nilijaribu kucheka, yeye hakucheka. Akasema kama nataka kusema habari za uwanja, nije Jumamosi nibebe mfuko. Nilidhani ni utani, mtu mzima mwenye kazi yake nibebee watu mizigo, lakini Jumamosi nilikwenda, na nikaendelea kwenda kila Jumamosi msimu mzima. Mwanzoni bega liliniuma hadi nikawa nalalia upande mmoja. Kufikia mwisho wa msimu nilikuwa na msumari wangu kwenye banda la makedi, maana kila kedi ana msumari wake ukutani wa kutundikia taulo, na bila msumari wewe ni mpita njia tu.

Kedi Mkuu alikuwa na namna yake ya kuusoma uwanja, na sijaona mwingine aliyeifanya. Siku moja kabla ya mashindano aliuzunguka uwanja wote bila mfuko, mikono nyuma. Akifika kwenye grini, yale majani yaliyokatwa mafupi kuzunguka shimo, alivua viatu na soksi, akaviweka pembeni vikiwa vimepangwa, akaingia peku. Alitembea polepole akipindisha nyayo, akarudi, akatembea tena. Alidai kwamba kivuli cha miti kinayalaghai macho, mtu akaona mteremko pasipo na mteremko, lakini unyayo hauna habari na kivuli. Nami nilifuata nyuma na daftari langu, nikiandika kila alichonong'ona.

Jioni niliyasema redioni. Sikuyageuza, maana yalikuwa mazuri mno kugeuzwa. Siku moja alisema grini ya nne ina kiburi, haitaki kupokea mpira uliopigwa kwa nguvu, inataka kubembelezwa. Nikasema redioni kwamba grini ya nne ina kiburi. Ohoo, simu zikalia. Dereva mmoja alipiga kutoka Malaba kusema hajawahi kuona gofu na hana mpango wa kuiona, lakini mtangazaji anayejua kwamba majani yana kiburi huyo ni fundi wa maneno. Nikajibu asante sana ndugu yangu. Kesho yake banda zima la makedi lilikuwa limesikia, na Kedi Mkuu aliniambia tu kwamba jana nilisema vizuri. Nilimtazama kama kuna kijembe ndani yake. Hakikuwepo.

Watu wa mjini walimwita Afande. Hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Lakini alikuwa Mnubi, kabila lililotoa askari wengi wa utawala wa zamani, mrefu, mwenye sauti, na Kiswahili chake kilinyooka, na kwa wazee wengi wa Jinja hivyo vinne vikikutana vinaleta kumbukumbu mbaya. Niliwahi kwenda naye sokoni Mpumudde. Aliuliza kwa Kiswahili kama nyanya ni za leo, na mama mmoja mzee akasimama wima ghafla, akaanza kupanga nyanya zake upya bila kumwangalia usoni. Kedi Mkuu alijua kilichotokea. Akainama akarudia swali lile kwa Lusoga, lugha ya wenyeji, na Lusoga yake ilikuwa mbovu ya kutisha, hadi yule mama akashika tumbo kwa kicheko na kuita wenzake waje wasikilize. Tulipoondoka akaniambia kwamba ni heri achekwe. Tangu siku ile nikajua kwa nini mtu yule mwenye maneno mengi mazuri uwanjani alikuwa akijikwaa kwa makusudi kila alipozungumza na wanawake wa rika lake.

Alikuwa na mizaha, ila aliitoa bila kubadilisha sura. Uwanja wa Jinja uko jirani na mto, viboko hupanda kula majani, na kuna kanuni ya hapo kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Basi wajanja kila shimo kwao lilikuwa la kiboko. Bwana mmoja mkubwa, mwenye tumbo na cheo, alisimama juu ya tundu akidai unyayo, akaitwa Kedi Mkuu aamue. Akachuchumaa, akaingiza ngumi, akatafakari.

"Bwana, huyu kiboko sisi tunamkamua kila asubuhi," akasema.

Yule bwana akaucheza mpira pale pale ulipokuwa, kwenye alama ya kwato ya ng'ombe.

Kuhusu ukweli alikuwa mtu wa ajabu kidogo, na hapa naomba msomaji aende nami taratibu. Kwenye kadi ya kuandikia mikwaju hakuwa na masihara. Niliwahi kumwona akimshitaki mchezaji wake mwenyewe kwa sababu mpira ulijongea upana wa kidole kabla ya kupigwa, na hakuna mwingine aliyeona. Yule mchezaji alitaka kulia. Lakini Kedi Mkuu huyo huyo alikuwa akiwadanganya wachezaji mchana kutwa. Mwoga alimpunguzia umbali ili apige kwa moyo, mwenye majivuno alimwongezea ili atulie. Mvua ikinyesha juu ya mlima aliapa kwamba haitafika. Nikamuuliza, Mzee, huo nao si uongo? Akaniambia kadi ni ya watu wote, sikio ni la mchezaji wake peke yake. Sikumwelewa vizuri. Niliandika kwenye daftari kwa sababu ilisikika vizuri, nikaisema redioni baadaye, bila shaka kama yangu.

Sasa nifike kwenye taulo. Makedi wa Jinja wana mwiko mmoja ambao hawauandiki popote. Kedi anayembebea mtu mfuko anaona mengi: hofu yake, ulevi wake, jino linalomuuma, mguu anaouficha. Hayo hayasemwi nje, hata kama mlishatengana na mkachukiana. Ikilazimu kedi amshirikishe kedi mwenzake jambo la namna hiyo, anafunika kwanza vichwa vya fimbo kwa taulo lake, kisha ndipo anasema. Taulo likiwa juu ya fimbo, maneno hayo hayatoki hapo. Aliyeyatoa haitiwi kikao wala hatukanwi. Anashusha mwenyewe taulo lake kwenye msumari, anaondoka. Niliyajua haya yote. Nilifundishwa nikiwa na mfuko begani, na mfundishaji alikuwa yeye.

Miaka ile ya mwisho Kedi Mkuu alikuwa akimbebea mchezaji mmoja wa kulipwa kutoka Mbale, Mmasaba mwenye kifua kipana na maneno machache. Walipatana. Mchezaji alikuwa akipanda kwenye orodha ya msimu, na ilipofika mashindano ya mwisho pale Jinja, alihitaji kumaliza vizuri tu ili aingie mchujo. Kedi Mkuu alikuwa hajawahi kubeba mfuko kwenye mchujo. Miaka yote hiyo, mikono yote hiyo aliyoipangusia fimbo, hakuna aliyemfikisha. Goti lake lilikuwa limeanza kuvimba kila jioni. Aliniambia mara moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu, kwamba akifika mchujo ataweka mfuko chini na hataunyanyua tena.

Jumatano, siku ya mazoezi, aliniita tufuatane nao. Kwenye grini ya kumi na moja mchezaji alitangulia, sisi tukabaki nyuma na mfuko. Kedi Mkuu akachukua taulo lake akafunika vichwa vya fimbo. Akaniomba nitazame mkono wa kulia wa mchezaji akisukuma mpira wa karibu, nimwambie kama ni kweli unaruka au ni macho yake yanazeeka. Nilitazama mara tatu. Uliruka mara zote tatu, kidogo, kama mkono wa mtu aliyeguswa akiwa usingizini. Nikamwambia, Mzee, unaruka. Akashusha pumzi. Akasema atamsaidia, atambadilishia namna ya kushika, kitu muhimu mchezaji asijue kwamba kuna mtu ameona, kwa sababu mkono unaotazamwa unaruka zaidi. Halafu akaondoa taulo, akabeba mfuko, tukaendelea.

Nitasema nilichofanya jioni ile bila kukizungusha. Mkuu mpya wa kituo alikuwa ameniambia wiki hiyo kwamba utangulizi wangu ni mtamu lakini hauna habari. Neno lile lilinikera siku tatu nzima. Nilitaka kuwa na kitu ambacho mtu wa Kampala hana. Nilitaka simu zilie. Nikaeleza hali ya grini, nikaeleza upepo, kisha nikasema kwamba mtu wa karibu sana na mfuko wa mchezaji wetu wa Mbale ameniambia mkono wake wa kulia unaruka akisukuma mpira wa karibu. Nikamalizia kwa kusema, mtazameni mkono.

Mtu wa karibu sana na mfuko wake. Ni mtu gani mwingine anayekuwa karibu na mfuko? Miaka yote niliyopaswa kumtaja sikumtaja, na siku moja niliyopaswa kufunga mdomo ndiyo siku niliyomtaja. Simu zililia, kweli zililia.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa kwenye uwanja wa kuanzia, hatua kama kumi kutoka kwao, na kinasa sauti mkononi. Watu walikuwa wengi. Mchezaji alifika, hakusalimia, akasimama mbele ya Kedi Mkuu.

"Mzee, ni wewe ulisema maneno ya mukono yangu?"

"Ni mimi."

"Ulisema kwa nani?"

"Nimekwambia ni mimi."

"Basi toa begi yangu."

Kedi Mkuu akaushusha mfuko begani, akaulaza kwa adabu, asiuangushe. Hakunitazama. Angenitazama tu, hata kwa jicho moja, watu wangeelewa, na labda nami ningepata ujasiri wa kusema kitu. Najidanganya. Ningeinamisha kichwa nikijifanya natengeneza kinasa sauti, na ndivyo nilivyofanya hata bila kutazamwa.

Jumapili, shimo la mwisho, mchezaji alibakiwa na mpira ulio mbali na shimo kwa urefu wa mkono wa mtu. Akiuingiza yuko kwenye mchujo. Watu mia walikuwa wamezunguka grini na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama mpira. Wote walitazama mkono, kama nilivyowaambia. Mpira ukapita pembeni. Alikosa mchujo kwa mkwaju mmoja. Saa ile Kedi Mkuu alikuwa bandani, na walioona wanasema alishusha taulo lake kwenye msumari, akalikunja mara nne, akasema asalaam aleikum, akatoka. Mimi sikuona, nilishakimbilia studio. Nilitangaza matokeo na nikasema, Mungu anisamehe, kama tulivyowaambia.

Hakuna aliyenilaumu. Watu waliona nimefanya kazi yangu, aliyevunja mwiko ni mzee. Hata makedi walinisalimia kama kawaida. Msumari wangu uko pale, na taulo langu bado limening'inia juu yake, na kila nikiingia bandani naliona. Kedi Mkuu alihamia Mbale kwa binti yake. Sikwenda kumuaga. Nilijiambia nitakwenda mwezi ujao, mwezi ujao ukawa misimu mitatu.

Mwaka huu mashindano ya mwisho kabla ya mchujo yalipelekwa Mbale. Nikaenda Jumatano, siku ya mazoezi, na nikavua viatu kwenye grini mbele ya watu bila kuona haya, maana sijui njia nyingine. Mlima wa Wanale ulikuwa umevaa mawingu nusu. Mchezaji wetu wa Mbale alikuwepo, amenenepa kidogo, anacheka. Msimu huu amecheza vizuri ajabu, anahitaji tena kumaliza vizuri tu. Nikamweka mbele ya kinasa sauti, nikamuuliza mambo ya kawaida, na nilipozima yeye mwenyewe akaleta ile habari.

Akaniambia kwamba yule mzee wetu wa Jinja alikuja pale pale uwanjani msimu uliopita, mbele ya watu wote, akakiri kwamba alidanganya. Kwamba alikuwa na chuki naye, akazua maneno ya mkono ili amharibie. "Mukono yangu haikuwa na kitu, bwana," mchezaji akasema, akininyoshea niuone. "Ilikuwa uongo ya mzee. Nilimfukuza kama mbwa. Lakini siku ile nililala vizuri." Tangu hapo, akasema, mpira unaingia wenyewe.

Nilibaki nimeushika mkono ule kama mganga. Nilikuwa nimeuona ukiruka mara tatu kwa macho yangu haya.

Nilichukua bodaboda hadi Namakwekwe, mtaa anaokaa mzee na binti yake, na njiani niliamua. Saa kumi na mbili jioni nitaingia hewani kwa simu kama kawaida, na nitasema yote. Kwamba mzee hakuwa na chuki na mtu, kwamba alinieleza chini ya taulo, kwamba msaliti ni mimi. Kuamua kulinipa raha hadi nikaanza kuona mji.

Binti yake alinipokea kwa furaha iliyoniumiza. Ni mama wa makamo, mwalimu wa watoto wadogo, na akaita kwa sauti kwamba Baba, ni yule mtu wako wa redio. Akaniambia baba yake husikiliza kila jioni, mawimbi yetu yakifika Mbale yakiwa yanakwaruza, na hataki mtu aongee. Akaweka sufuria ya chai jikoni pale uani. Alipokuwa akipuliza mkaa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimefanya vyema kuja, maana hapa hakuna anayemtembelea. Kwenye bomba la maji wanawake wanamwita yeye binti wa mwongo. Amemuuliza baba yake mara nyingi kwa nini alifanya vile, naye humjibu tu kwamba yaliyopita yamepita.

Kedi Mkuu alikuwa kwenye kiti, mguu wa goti bovu umenyooshwa juu ya kigoda. Amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni grini ya pili ya Mbale iko vipi siku hizi, kama wameishusha ule upande wa barabarani. Nikamweleza. Akauliza nilivua viatu? Nikasema ndiyo. Akaridhika. Ndipo nikamwambia nilichokuja kufanya, na nilipofika kwenye neno msamaha nikalisema mara mbili.

Alimngoja binti yake aingie ndani kuchukua vikombe.

"Ukisema hivyo redioni," akaniuliza, "utakuwa umesema nini juu ya mkono?"

Nikasema, kwamba uliruka.

"Basi. Na kesho anasukuma mpira mbele ya watu wa kwao."

Nikamwambia, Mzee, lakini hapa wanakuita mwongo, hata binti yako. Akasema binti yake hajui na nisimwambie, kwa sababu akijua hataweza kuvumilia pale bombani, atamtetea, na maneno yatamfikia mchezaji kabla ya jua kuzama. Akasema hii aibu ni yangu na yake, sisi wawili, mchezaji tusimwingize mara ya pili. Halafu akasema kwamba mwaka huu watu wataanza tena kuuliza, ni kawaida, mashindano ni yale yale. Nikiulizwa, niseme mzee alidanganya.

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia aniombe jambo lingine lolote.

"Umesema maneno yangu miaka mingi, bwana," akasema. "Sema na haya."

Hakuyasema kwa ukali. Ningependa angeyasema kwa ukali. Binti yake akarudi na vikombe, akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akaniwekea kwenye stuli mbele yangu, na kabla sijainywa simu ikalia. Ilikuwa studio. Mwenzangu, dada anayeendesha kipindi nikiwa safarini, akaniambia nusu dakika tuko hewani. Nikataka kutoka nje ya ua. Kedi Mkuu akanionyesha kwa kiganja nikae.

Basi nikatoa utangulizi nikiwa nimekaa mbele yake. Nilieleza grini ya pili ilivyoshushwa upande wa barabarani, upepo unaoteremka Wanale baada ya saa sita mchana, wachezaji watano wanaogombea nafasi mbili za mwisho kwenye mchujo. Yeye alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kidogo penye kweli. Binti alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, anatabasamu kumwona mgeni wao akitangaza mubashara kwenye ua wao. Nikafika kwa mchezaji wa Mbale, nikasema yuko vizuri, nikataka kupita haraka. Mwenzangu akanikatiza, kama ambavyo mtangazaji yeyote mzuri angenikatiza. Akauliza, je, yale maneno ya mkono yaliyosemwa Jinja miaka ile, yana ukweli wowote?

Nilimtazama Kedi Mkuu. Alikuwa amefumbua macho, ananingoja.

"Hapana," nikasema. "Mkono wake ni mzima na ulikuwa mzima. Yule mzee aliyesema alidanganya."

Mwenzangu akashukuru, akaingia matangazo ya biashara, simu ikakatika. Binti alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, mtu niliyekula ukaribisho wake na kumtukana mzazi wake nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Alikuja taratibu, akainama, akakishika kikombe changu kilichojaa ili akiondoe.

"Mwache mgeni anywe chai yake," Kedi Mkuu akamwambia.

Akakiachia, akaingia ndani. Nami nikainywa yote, mzee akinitazama, hadi ikaisha.